Shajara ya mkalamu: misimu miwili, viazi 12 na mbegu 40

Kabla ya siku ya 1

Mmea wenyewe ni mkalamu, Gloriosa superba. Ni ua la porini la Afrika ya kitropiki na ya kusini, na la Asia pia. Ambaye hajazoea jina atautambua kwa sura: unapanda juu ya vichaka kwa kujishikiza na ncha za majani yake, na petali zake sita zimepinda kurudi nyuma kama ndimi za moto, kingo zikiwa na mawimbi. Linnaeus aliupa jina la kisayansi mwaka 1753. Zimbabwe wameufanya ua la taifa. Kwenye pwani za mashariki mwa Australia, ambako si kwao, umegeuka magugu yanayotambaa juu ya matuta ya mchanga. Basi anayeupanda nje ya maeneo yake ya asili aulizie kwanza kama unaruhusiwa.

Ni mmea wa kudumu, lakini kinachodumu ni kiazi kilicho chini. Shina, majani na maua hufa kila mwaka, na kiazi cha zamani nacho hufa baada ya kuzaa kingine. Asiyelijua hili humwagilia mmea uliolala mpaka uoze, kisha husema mkalamu ni mgumu kuotesha.

Jambo la pili ni sumu, na limewekwa hapa juu kwa makusudi. Mmea mzima una kolkisini, na nyingi zaidi imo kwenye viazi na mbegu. Kolkisini ni dawa ya jongo (maumivu makali ya viungo) kwa kipimo kidogo sana. Ikizidi kidogo tu inaweza kuua. Kiazi cha mkalamu kikioshwa kinafanana na kiazi cha kuliwa, na watu wamekwisha kufa kwa kukipika. Dalili huchelewa kwa saa kadhaa: kwanza koo kuwaka, halafu kutapika na kuharisha sana, na madhara ya ndani hufuata siku chache baadaye. Mtu akimeza hata kipande, apelekwe hospitali mara moja, kabla dalili hazijaonekana. Mbwa, mbuzi na ng'ombe nao hudhurika. Kitalu cha mradi huu kimezungushiwa uzio, glovu huvaliwa kila viazi vinaposhikwa, na kisu cha kukatia hakirudi jikoni.

Viazi vyote vimetoka kwa mkulima anayevizalisha. Kuchimbua vya porini ni kuumaliza mmea, tena vingi huvunjika kwa kuwa vimekwenda chini sana.

Siku ya 1

Viazi 12 vimefika ndani ya maranda ya mbao. Vimepimwa na kupewa namba. Kizito ni namba 3, gramu 71. Chepesi ni namba 11, gramu 14. Vinane vina pembe mbili zinazokutana kwenye kiwiko, kama herufi V iliyopanuka. Vinne (namba 4, 10, 11 na 12) vina pembe moja.

Kila pembe ina jicho moja tu, nalo liko kwenye ncha kabisa. Hapa mkalamu unatofautiana na mbatata, ambayo ikipoteza jicho moja ina mengine manne. Chipukizi na mizizi vyote hutokea kwenye ncha hiyo hiyo. Ikikatika, pembe nzima inabaki chakula kisicho na mlaji. Kiazi chenyewe ni kikavu na chepesi kukatika kama chaki, hivyo hubebwa kwa viganja viwili na hakishikwi kwa pembe.

Namba 4 imefika ncha ikiwa imevunjika. Itapandwa hivyo hivyo ili ijulikane kama kuna matumaini yoyote.

Siku ya 2 hadi ya 4

Sehemu zenye michubuko zimepakwa unga wa mkaa. Viazi vimelazwa kwenye kivuli chenye hewa, juu ya gazeti, bila kugusana. Siku tatu zinatosha jeraha kufanya ngozi. Wakulima wakubwa huviloweka kwenye dawa ya ukungu kwa nusu saa kabla ya kupanda. Kwa viazi 12, mkaa na subira vimetosha.

Wakati huo kitalu kimepimwa kama kinapitisha maji. Shimo la sentimita 30 limejazwa maji, yakaachwa yaishe, likajazwa tena. Mara ya pili maji yameshuka sentimita 2 kwa saa, na hiyo ni kasi ndogo mno. Tuta limeinuliwa sentimita 20 kwa mchanganyiko wa udongo tifutifu sehemu 2, mchanga wa chenga sehemu 1 na mboji iliyoiva sehemu 1. Mchanga laini wa kupigia lipu haufai, maana hujaza matundu badala ya kuyafungua. Samadi mbichi haikutiwa kabisa. Kipimo cha uchachu wa udongo kimesoma 6.5, na popote kati ya 6 na 7 ni pazuri.

Siku ya 5

Kupanda. Nafasi ni sentimita 40 kati ya kiazi na kiazi. Kila kiazi kimelazwa ubavu ndani ya mfereji wa kina cha sentimita 8, juu ya tabaka jembamba la mchanga mtupu. Hakisimamishwi. Kile cha pembe moja kimelazwa ncha ikiwa imeinuka kidogo kuliko kitako.

Fito zimechomekwa kabla ya kufukia, sentimita 10 kutoka kwenye kila ncha. Utaratibu huu si mapambo. Anayengoja shina lirefuke ndipo achomeke ufito huwa anabahatisha kiazi kilipo, na mara nyingi anakitoboa.

Baada ya kufukia, maji yamemwagiwa mara moja ili udongo ukae. Hakuna kumwagilia tena mpaka chipukizi ionekane, isipokuwa udongo ukikauka hadi kina cha kidole kizima. Kiazi hakina mizizi bado, kwa hiyo maji yanayotiwa sasa hayana wa kuyanywa, na yakibaki yanalisha ukungu.

Asiye na bustani anaweza kutumia chungu chenye upana wa sentimita 30 na kina kisichopungua hapo, matundu yake yakiwa wazi. Viazi vitatu vinatosha ndani yake, ncha zikitazama upande wa kati.

Siku ya 6

Mbegu 40, zilizokaa kwenye bahasha ya karatasi miezi minane tangu kuvunwa. Muda huo una maana: mbegu mbichi ya mkalamu imelala na haioti hata ikibembelezwa. Nyama nyekundu iliyoizunguka ilishaondolewa wakati wa kuvuna. Zimelowekwa saa 24 kwenye maji ya vuguvugu. Zilizoelea baada ya saa hizo ni 5, nazo zimepandwa kwenye chungu cha peke yake.

Udongo wake ni mchanga wa chenga na mboji iliyochekechwa, nusu kwa nusu. Kina ni sentimita 1. Vyungu vimefunikwa kwa karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga na kuwekwa mahali penye joto la nyuzi 22 hadi 25 za Selsiasi, nje ya jua kali.

Siku ya 17

Hakuna kilichoonekana, na hakuna kilichofukuliwa. Kiazi huchukua wiki mbili hadi sita, na udongo ukiwa chini ya nyuzi 18 husubiri zaidi. Joto la udongo asubuhi, kina cha sentimita 8: nyuzi 20.

Siku ya 24

Chipukizi za kwanza tatu, namba 1, 3 na 8. Zinatoka zikiwa zimefungana kama ncha ya penseli, kijani iliyoiva. Ni tepetepe na hukatika zikiguswa na ndoo au mpira wa maji. Kila moja imezungushiwa kopo la plastiki lililokatwa kitako.

Kumwagilia kumeanza, lita 1 kwa kila chipukizi mara mbili kwa wiki, asubuhi, kwenye udongo na si juu ya majani.

Siku ya 29

Konokono ameikata chipukizi ya namba 9 usiku, sentimita 3 juu ya udongo. Kopo lake lilikuwa limeinuka upande mmoja. Jicho lililopoteza chipukizi kwa kawaida halitoi nyingine msimu huo, lakini namba 9 ina pembe mbili, kwa hiyo kuna jicho la akiba. Haijafukuliwa.

Konokono wameokotwa kwa tochi usiku tatu mfululizo. Majivu yaliyonyunyizwa pembeni yalifanya kazi mpaka yalipolowana, na kitalu hulowana kila anapopita mwenye ndoo. Kopo lililozikwa sentimita 3 ndani ya udongo limesaidia kuliko majivu.

Siku ya 38

Mbegu ya kwanza imeota, siku 32 tangu kupandwa. Jani moja, jembamba kama la nyasi. Huu ndio wakati ambao miche mingi hung'olewa na mwenyewe akidhani ni magugu. Vyungu vimeandikwa.

Siku ya 41

Mimea 10 iko juu ya udongo. Namba 4 kimya, namba 9 kimya. Mirefu imefika sentimita 45 na majani ya juu yameanza kutoa vikono. Majani ya chini hayana. Kikono ni ncha ya jani iliyorefuka na kujikunja; ikigusa kitu chembamba hukizunguka na kukaza ndani ya siku moja au mbili.

Neno la kushika hapo ni chembamba. Fito tulizochomeka zilikuwa nene kama kidole gumba, tena laini, na vikono vimeteleza vyote. Kosa letu. Vijiti vyenye matawi madogo vimeongezwa, pamoja na kamba za katani zilizofungwa wima kila sentimita 15, hadi kimo cha mita 2. Kitu kinene kuliko penseli hakishikwi vizuri. Shina lililokwisha kulala chini linyanyuliwe taratibu kwa siku mbili tatu, kwa sababu likivutwa kwa mara moja hukatika pale linapoingia udongoni.

Porini mkalamu husimama ndani ya kichaka: mguu kivulini, kichwa juani. Tuta limepewa hali hiyo hiyo kwa matandazo ya majani makavu, unene wa sentimita 5, yakiachwa mbali na shina kwa upana wa viganja viwili. Tandazo linaloligusa shina huliozesha.

Siku ya 46

Jicho la pili la namba 9 limetoka. Chipukizi ni nyembamba kuliko ya kwanza.

Mbolea ya maji imeanza, yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, kila wiki mbili. Naitrojeni ikizidi, majani yanakuwa ya kijani kizito na mapana, shina linaenda juu, na maua yanachelewa.

Siku ya 52

Viwavi. Weusi wenye madoa meupe, kundi la kumi na wawili kwenye namba 5, na majani manne yamebaki mishipa. Wapo viwavi wanaozoea mimea ya jamii ya lili, na sumu ya mkalamu haiwasumbui hata kidogo. Wakiwa wadogo hukaa pamoja upande wa chini wa jani, na hapo ni rahisi kuwamaliza: jani hukatwa zima na kutumbukizwa kwenye maji ya sabuni. Wakikua hutawanyika, na hula usiku hata matumba ya maua.

Ukaguzi umekuwa wa kila asubuhi, chini ya majani, kwa muda wa wiki tatu. Mayai yamepatikana mara mbili, yamepangwa kwa safu. Dawa ya bakteria ya Bacillus thuringiensis imepuliziwa jioni moja tu, kwa kuwa jua huiharibu na viwavi wakubwa hawaijali sana.

Vidukari wachache kwenye ncha za namba 2. Wameoshwa kwa maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 1, kisha kwa maji matupu baada ya saa moja.

Siku ya 70

Matumba. Yanatokea kwenye kwapa za majani ya juu, moja moja, na kuinamia chini kwenye vikonyo virefu. Rangi yake ni ya kijani na asiyeujua mmea atadhani ni matunda.

Maji yameongezwa hadi mara tatu kwa wiki. Ukavu wa sasa hudondosha matumba: hugeuka njano kwenye shingo na kuanguka kabla ya kufunguka. Mawili ya namba 10 yamekwenda hivyo.

Siku ya 77

Ua la kwanza, namba 3. Limefunguka kijani-njano, siku ya tatu kingo zimekuwa njano safi na katikati nyekundu, siku ya sita limekuwa jekundu karibu lote. Watu hudhani kuna aina mbili kwenye mmea mmoja kumbe ni umri. Ipo aina ya bustani iitwayo 'Rothschildiana', yenye petali pana zaidi na ukingo wa njano uliokatika vizuri. Hii ya kwetu ni ile ya porini, yenye petali nyembamba na mawimbi mengi, na kwa jicho letu ndiyo nzuri zaidi.

Ua likikatwa la chombo, likatwe na kikonyo kifupi tu, bila shina. Kila jani linaloondolewa sasa ni chakula kilichopunguzwa kwenye kiazi cha mwakani.

Siku ya 80

Uchavushaji. Umbo la ua linaeleza lenyewe kazi yake: kijiti kinachobeba stigma (ncha inayopokea chavua) kimepinda kando kwa pembe mraba, kikaenda mbali na ovari inayozaa mbegu, na stameni sita zinazotoa chavua zimetawanyika kama spoki za baiskeli. Kipepeo au ndege aitwaye chozi anayezunguka ua hugusa chavua upande mmoja na stigma upande mwingine, na chavua ya ua hilo hilo haifiki kirahisi kwenye stigma yake. Bustani isiyo na wageni hao hupata maua mengi na matunda machache.

Imefanywa kwa mkono. Chavulio (kifuko cha chavua) lililopasuka na kutoa unga limechunwa kutoka namba 3 na kupanguswa kwenye stigma ya namba 8, saa tatu asubuhi, siku mbili mfululizo. Kisha namba 8 kwenda namba 1, na namba 1 kwenda namba 3. Kila ua lililochavushwa limefungwa uzi mwekundu kwenye kikonyo. Maua mawili kwa mmea yanatosha. Tunda na kiazi vinakula sahani moja, na anayetaka mbegu nyingi atachimbua viazi vidogo.

Siku ya 93

Namba 7 imeanguka. Jana ilikuwa na maua matatu, leo shina zima limenyauka ilhali udongo una unyevu. Kitako cha shina ni laini, cha kahawia, na kinanuka. Kiazi kilipofunuliwa kilikuwa kimeoza kuanzia kiwiko.

Sababu imeonekana bila kutafutwa. Namba 7 iko kwenye kona ya tuta iliyotitia, na kila mvua inapokatika huacha dimbwi hapo kwa saa nzima. Mmea umeng'olewa pamoja na ndoo mbili za udongo na kutupwa mbali na mboji. Majirani zake, namba 6 na 8, wamechimbiwa mfereji wa kutoa maji.

Dawa ya ukungu haikutumika. Kiazi kilichooza hakiponi, na vile vizima vinahitaji udongo unaopitisha maji kuliko vinavyohitaji dawa.

Siku ya 101

Hesabu ya maua. Namba 3 imetoa 11 kwenye mashina mawili. Namba 9, iliyotokana na jicho la akiba, maua 2. Namba 12 yenye gramu 28, ua 1. Namba 11 yenye gramu 14 imetoa majani tu, shina la sentimita 60. Namba 4 haikutoka. Imefukuliwa na kukutwa ngumu, safi, bila mzizi wala chipukizi: kiazi kizima kisicho na mlango.

Mbegu zilizoota mpaka leo ni 17. Kati ya zile 5 zilizoelea, hakuna.

Siku ya 118

Majani ya chini yamekuwa ya njano kwenye mimea yote. Hapa ndipo hofu huwashika wengi, wakaongeza maji na mbolea. Tofauti na maradhi ni hii: kulala huanza chini na kupanda juu polepole, mimea yote kwa pamoja, na kitako cha shina hubaki kigumu. Kuoza humshika mmoja, kwa siku moja au mbili, na kitako hulainika.

Mbolea imesimamishwa. Maji yamepunguzwa hadi mara moja kwa wiki, na baada ya wiki mbili yatakatwa kabisa. Mashina hayakatwi. Yakiwa bado na kijani yanateremsha chakula.

Nyongeza ya baadaye: mbegu ya mwisho kuota ilitoka siku ya 121, na jumla ni 19 kati ya 40. Vyungu vyenye mbegu zisizoota havimwagwi kabla ya mwaka kwisha.

Siku ya 143

Matunda sita yaliyofungwa uzi yamebadilika kutoka kijani kuwa njano iliyokunjamana, na mawili yamepasuka kwa sehemu tatu kuonyesha mbegu nyekundu. Yanachumwa yakianza kupasuka, maana yakiachwa mbegu hudondoka au kubebwa na ndege. Rangi hiyo huwavutia watoto, kwa hiyo hakuna tunda lililoachwa kwenye mmea.

Nyama nyekundu imetolewa kwa kuziloweka mbegu siku mbili na kuzisugua kwenye chujio, glovu zikiwa mikononi. Zimekaushwa kivulini siku saba na kuwekwa kwenye bahasha ya karatasi, si ya nailoni. Mbegu 128.

Siku ya 160

Kuchimbua. Mashina yamekauka na yakivutwa kidogo yanaachia yenyewe, na hiyo ndiyo ishara. Uma wa bustani umechomekwa sentimita 30 kutoka kwenye shina, ukaingizwa chini kabisa, udongo ukainuliwa wote kama keki, halafu viazi vikatafutwa kwa vidole. Kiazi kipya hakipo pale kilipopandwa cha zamani. Kimeshuka. Vingi vilikuwa kati ya sentimita 14 na 20. Anayechimba kwa kina alichopandia huvikata vyote shingoni.

Mashina yalikuwa 14, na viazi vipya ni 14. Kila shina huacha kiazi kimoja, kwa kawaida chenye pembe mbili. Vya zamani vimebaki maganda matupu. Namba 3 imetoa viwili, gramu 83 na 66. Namba 11 imetoka gramu 14 na kurudi gramu 31, na hiyo ndiyo faida ya kumwacha mdogo ale majani yake bila kudaiwa ua. Namba 5, iliyoliwa na viwavi, imerudi pungufu: kutoka gramu 52 hadi 44.

Ncha mbili zimevunjika, zote kwa haraka ya mwisho wa siku.

Miche ya mbegu haikuchimbuliwa. Majani yake yamekauka, na viazi vyake sasa ni vya ukubwa wa punje ya haragwe. Vitalala ndani ya vyungu vyao, vikavu, mpaka msimu ujao. Ua kutoka kwenye mbegu si la kutarajia kabla ya mwaka wa tatu.

Siku ya 163

Kuhifadhi. Udongo umepanguswa kwa brashi laini bila kuosha. Viazi vimepangwa kwenye sanduku la mbao lenye mchanga mkavu, tabaka kwa tabaka, pasipo kimoja kugusa kingine, mahali pa giza penye nyuzi 14 hadi 17. Friji haifai: ni baridi kupita kiasi, tena ni mahali pa chakula. Sanduku limeandikwa SUMU kwa herufi kubwa pande zote nne, na haliko kwenye chumba kinachohifadhiwa viazi vya kula.

Mchanga hukaguliwa kila mwezi. Kiazi kikianza kukunjamana, mchanga hunyunyizwa maji kwa mkono mara moja. Kikilainika, hutolewa.

Siku ya 245

Macho yamevimba na matatu yamegeuka meupe. Muda wa kulala umekwisha. Kungoja zaidi ni kuacha chipukizi zikue gizani na kuvunjika wakati wa kutolewa.

Vile vitano vizito vimegawanywa kwenye kiwiko. Havikukatwa kwa kisu: vimekunjwa taratibu mpaka vikaachana vyenyewe. Kila pembe iliyobaki na gramu 35 au zaidi pamoja na jicho lake imeruhusiwa kwenda peke yake. Chini ya hapo kugawanya ni kuchelewesha maua kwa mwaka mzima. Majeraha yamepakwa mkaa na kukaushwa siku nne.

Siku ya 250

Vipande 19 vimepandwa. Yaliyobadilishwa ni haya. Tuta limesawazishwa na kona ya namba 7 imeachwa tupu, haitapandwa jamii hii kwa misimu kadhaa. Kamba za katani zimefungwa siku ya kupanda badala ya fito nene. Makopo ya kuzuia konokono yamezikwa sentimita 3 tangu mwanzo. Kina kimeongezwa hadi sentimita 10, kwa kuwa viazi vyenyewe vilishaonyesha vinapenda kwenda wapi.

Siku ya 274

Chipukizi 15 kati ya 19. Hakuna iliyokatwa.

Miche ya mbegu imeamka, 16 kati ya 19. Safari hii kila mmoja umetoa majani matatu au manne, na mmoja tayari una kikono cha milimita chache, umekishika kijiti cha kibiriti.

Siku ya 331

Mimea 17 imechanua. Vipande viwili vidogo vimetoa majani tu. Viwavi walifika siku ya 296, wakakutwa wangali kundi chini ya jani moja, na hawakupata la pili.

Siku ya 390

Mbegu za kuvuna zimetimiza miezi minane ndani ya bahasha. Zimelowekwa saa 24, zilizoelea zimetengwa, na kati ya zilizozama zimehesabiwa 60. Vyungu vinne, mbegu 15 kila kimoja. Viwili vimewekwa kwenye nyuzi 24 mchana na usiku. Viwili vingine vimeachwa vipate nyuzi 24 mchana na 17 usiku, ili kuona ni vipi vitakavyotangulia. Lebo zimeandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino wa mwaka jana umefutika wote.